i5-9600K kwa 5.0 GHz: inazimika nikirenda, nirekebishe wapi?

gulu_studio

Habari zenu ndugu zangu. Nina mashine ya kazi hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, ya kuhariri video na kurenda kwa Blender. Ndani yake:

Prosesa i5-9600K, bodi MSI Z390-A PRO, hitisinki Cooler Master Hyper 212 ya feni moja, RAM za GB 8 mbili DDR4-3200, kadi ya picha GTX 1660 Super, pawa sapulai ya wati 550 (80 Plus Bronze). UPS ni ya 650 VA, imebeba kasha pamoja na skrini.

Nimepandisha kizidishi hadi 50 (yaani 5.0 GHz), volteji nimeiacha Auto, na XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) nimeiwasha siku hiyo hiyo. Windows inafunguka, mtandao unavinjari, huoni shida yoyote. Lakini Blender ikishika kazi nzito kwa muda, inakuja skrini ya buluu: WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Mara nyingine hata buluu hakuna, mashine inazimika pap, utadhani mtu amechomoa waya. HWiNFO64, programu ya kusoma joto na volteji, inasoma Vcore (volteji ya kori) 1.41 na joto 97. Chumba ni cha mabati bila dari, mchana kinafika nyuzi 31 au 32.

Je, prosesa yangu ni dhaifu? Ninunue hitisinki ya maji? Na hiyo 5.0 inawezekana kwa usalama, au niisahau?

Volti_Ndogo

Ssebo (bwana), kama prosesa ni dhaifu bado hatujui, maana umegusa kizidishi na XMP kwa mpigo, na volteji umeiachia bodi iibadilishe yenyewe. Halafu dalili zako mbili hazitoki chanzo kimoja. Tuzitenganishe kwanza.

Hiyo WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, namba yake 0x124, kwenye Intel iliyoovaklokiwa, yaani iliyopandishwa kasi kupita ya kiwandani, mara nyingi maana yake ni kwamba kori hazipati volteji ya kutosha kwa kasi uliyoitaka, au joto limepanda mpaka volteji iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Kuzimika pap bila buluu ni habari ya umeme: UPS, pawa sapulai, au sakiti ya volteji kwenye bodi. Kuthibitisha, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power namba 41. Watu wakiiona hiyo 41 hudhani wameshapata jibu, kumbe inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Bonyeza Details uangalie BugcheckCode. Ukikuta 292, hiyo ndiyo 0x124 kwa hesabu ya kumi, yaani buluu ilitokea. Ukikuta 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kitu.

Sasa hiyo Auto. Ukipandisha kizidishi bila kuweka volteji mwenyewe, bodi inakisia, na inakisia juu ili mashine iwake kwa mtu yeyote. Moto unaotoka kwenye prosesa chini ya mzigo unaenda na kasi, mara volteji kipeo cha pili. Linganisha 5.0 GHz kwa volti 1.41 na 4.8 GHz kwa volti 1.26. Kasi imeongezeka asilimia 4. Moto umeongezeka kama asilimia 30. Kazi inayorendwa saa nzima kwa 4.8 itaisha kwa dakika 57 na nusu hivi kwa 5.0. Hizo dakika mbili na ushei ndizo unazozilipia nyuzi 97.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa chumba cha nyuzi 32 na feni moja: lenga 4.8 kwenye kori zote sita. Kiwandani prosesa hii ina 4.3 kori zote zikifanya kazi (ile 4.6 ya kwenye boksi ni ya kori moja), kwa hiyo 4.8 tayari ni asilimia 11 na nukta. 5.0 ni namba ya kujivunia tu.

Anza hivi. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Prosesa au RAM isiyotulia huharibu mafaili kimya kimya, nawe hujui mpaka siku mradi unapokataa kufunguka. Ingia BIOS kwa Delete, bonyeza F7 uende upande wa Advanced, rudisha hali ya kiwandani, zima XMP, zima Enhanced Turbo. Renda kitu kizito nusu saa. Ikianguka hapa, achana na ovakloki kabisa, kuna kifaa kibovu kinachohitaji kutafutwa.

Ikishika, ingia OC. CPU Ratio Apply Mode iwe All Core, CPU Ratio 47, Ring Ratio 43 na uiache hapo hapo. CPU Core Voltage Mode iwe Override Mode, CPU Core Voltage 1.250. CPU Loadline Calibration Control iwe Mode 4. Weka na uzio wa wati: Long Duration Power Limit 140, Short Duration 160. Uzio huo hauongezi kasi, ila ukikosea volteji usiku wa manane mashine itapunguza kasi yenyewe badala ya kuchemka.

Bonyeza F10 uhifadhi, ingia Windows, fungua HWiNFO64, halafu Cinebench R23 (programu ya kupima prosesa) kwa jaribio lake la dakika 10. Ikipita, nenda 48. Ikianguka, ongeza volti 0.010 au 0.020, usiruke 0.050 kwa pupa. Jambo moja kila mara. Kwa kupoza kwa hewa na kwa matumizi ya kila siku mimi sivuki 1.35 kwenye prosesa hii, na kwa chumba chako joto litakusimamisha kabla hujaifikia.

Ukijifungia nje, yaani mashine haiwaki kabisa baada ya mpangilio mbaya: zima, chomoa waya ukutani, gusanisha pini mbili za JBAT1 kwa ncha ya bisibisi sekunde kumi hivi, rudisha waya. BIOS itarudi kiwandani.

Dada_Wayaringi

Naongezea upande wa umeme, maana hapo ndipo hilo la kuzimika pap linapoonekana wazi.

Kaka, piga hesabu ya UPS yako. VA si wati. UPS nyingi za 650 VA zina uwezo wa wati 360 hadi 390 tu, angalia kibandiko cha nyuma. Prosesa kwa 1.41 ikirenda, weka wati 150. GTX 1660 Super, 125. Bodi, RAM, diski na feni, 50. Jumla 325 ndani ya kasha. Pawa sapulai ya Bronze ina ufanisi wa asilimia 85 hivi, kwa hiyo inavuta kama 380 kutoka kwenye UPS. Ongeza skrini ya wati 25. Umepita 400. UPS yako imezidiwa.

Kwa nini basi haizimiki kila mara? UPS za aina hii, umeme wa ukutani ukiwa mzuri, huupitisha tu moja kwa moja, na mzigo ukizidi kidogo italia au itawasha taa ya overload, basi. Siku umeme unapocheza kwa nusu sekunde tu, UPS inahamia kwenye betri, inakuta mzigo haiuwezi, inajikata papo hapo. Taa za nyumbani hata hukuona zikipepesa. Ndiyo maana mtu analaumu ovakloki, anashusha kizidishi, tatizo linapungua (kwa sababu wati zimepungua!), naye anaamini amepata dawa.

Kujaribu ni rahisi. Hifadhi kila kitu, weka Blender irende kwa prosesa na kadi ya picha pamoja, kisha chomoa UPS ukutani. Ikibeba dakika mbili, UPS haina hatia. Ikianguka hapo hapo, umeshajua. Toa skrini kwenye UPS ujaribu tena kabla ya kwenda dukani. Kama itabidi ununue, chukua ya 1000 VA na kuendelea yenye angalau wati 600, na ukiweza yenye wimbi safi la sine. Pawa sapulai za kisasa zenye Active PFC huwa na kisirani na yale mawimbi ya ngazi ya UPS za bei nafuu. Nyingine hujizima wakati wa kuhama hata kama wati zinatosha.

Na kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukishuka, halafu kinakuweka dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, hakirekebishi volteji. Kinakata tu. Kikae kabla ya UPS, kisikae baada yake.

Jambo la mwisho ni ethi. Kama soketi yako ina matundu matatu lakini waya wa ardhi haukuvutwa, mwili wa kasha unaweza kukutekenya ukiugusa. Muite fundi umeme kwanza, kabla ya habari za gigahezi.

gulu_studio

Asanteni sana ssebo na dada. Nimekuta BugcheckCode 292 kwa baadhi na 0 kwa nyingine, kwa hiyo ni kweli matatizo ni mawili. Nilipochomoa UPS wakati wa kurenda, imeanguka mara moja. Sasa skrini iko ukutani moja kwa moja, na nimeshusha hadi 48 kwa volti 1.260, XMP imezimwa. Cinebench inapita, joto 84, lakini nilijaribu usiku.

Maswali mawili. HWiNFO64 ina VID na pia Vcore, namba hazifanani, nifuate ipi? Na kuna video inasema niweke AVX offset 3 ili joto lishuke. Niweke?

Volti_Ndogo

Fuata Vcore, ile iliyo kwenye sehemu ya bodi. VID ni kile prosesa inachoomba. Ukishaweka Override, maombi yake hayasikilizwi, lakini namba inaendelea kuonekana hapo na kuchanganya watu.

AVX offset kwa kazi yako: hapana. Ukiweka 3, kila programu inapotumia maagizo ya AVX (ya hesabu nzito ndani ya prosesa), kizidishi kinashuka kwa 3. Na Blender inatumia AVX2. Kwa hiyo utakuwa na 4.8 kwenye kivinjari na 4.5 kwenye kazi inayokulipa. Mtu wa michezo anaweza kufaidika na offset, wewe unajidanganya. Weka 0, tafuta kasi ambayo Blender yenyewe inaivumilia, hiyo ndiyo kasi yako ya kweli hata kama ni 4.7.

LLC, yaani ile Loadline Calibration, nilisema Mode 4, nieleze kwa nini, maana hapa watu huunguza vitu. Mzigo ukiingia, volteji hushuka kidogo kutoka ile uliyoandika BIOS. Ni tabia iliyokusudiwa. LLC inapunguza mshuko huo. Ukiikaza mpaka mwisho mshuko unaisha, lakini mzigo unapotoka ghafla volteji inaruka juu kwa muda mfupi mno ambao HWiNFO64 haiwezi kuuona, na miruko hiyo ndiyo inayochosha prosesa. Mtego wenyewe: kwenye MSI, Mode 1 ndiyo kali na Mode 8 ndiyo laini. Kwenye ASUS ni kinyume, Level 1 laini na Level 8 kali. ASRock wanahesabu kama MSI, 1 ndiyo kali. Gigabyte wanatumia majina: Standard, Low, Medium, High, Turbo na kuendelea hadi Ultra Extreme. Kwa hiyo usichukue namba ya mtu wa ASUS ukaiweka kwenye bodi yako. Angalia Vcore Blender ikirenda: kama umeandika 1.260 na inasoma 1.22 au 1.23 chini ya mzigo, hapo pazuri.

Hewa_na_Vumbi

84 ya usiku si 84. Hitisinki ya hewa inafanya kazi kwa tofauti: prosesa ikiwa nyuzi 60 juu ya hewa ya chumba, itabaki karibu 60 juu chumba kikipanda. Kama usiku chumba chako kilikuwa 24, ukapata 84, basi saa nane mchana chini ya mabati ya nyuzi 32 utapata 92. Na kaskazini kiangazi cha Desemba hadi Februari kinaongeza tena. Jaribio la kweli lifanywe mchana, kasha likiwa limefungwa, kadi ya picha nayo ikifanya kazi, kwa sababu moto wake unapita kwenye hewa ile ile.

Kuna na hili la mwinuko, watu hawalikumbuki. Gulu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu 1,200. Hewa huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, kwa hiyo feni ile ile inabeba moto pungufu kuliko kwenye majaribio ya Ulaya unayoyaona YouTube. Si janga, ni nyuzi chache, lakini usishangae.

Hiyo Hyper 212, toleo nyingi zake mirija ya shaba inagusa prosesa moja kwa moja na kuna mifereji kati ya mirija na alumini. Tone moja katikati halitoshi, pesti inazama kwenye mifereji. Sugua kitako kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, jaza mifereji kwa safu nyembamba ukitumia kadi ya plastiki, kisha weka tone la ukubwa wa punje ya mchele juu ya prosesa. Skrubu kaza kwa msalaba, mizunguko miwili huku, miwili kule, usimalize pembe moja ukaiacha nyingine. Feni ielekee nyuma ya kasha, siyo ipulize kwenye kadi ya picha.

Kabla ya hitisinki ya maji, ongeza feni ya pili ya milimita 120 upande wa pili wa hiyo 212 (klipu zake zinatakiwa, hakikisha unazo) na feni mbili za mbele za kuingiza hewa. Maji hayapozi chini ya joto la chumba, nayo hayapunguzi volteji. Chumba cha nyuzi 32 ni cha nyuzi 32 kwa kila mtu.

Vumbi: barabara ya maramu ikiwa jirani, chujio la mbele lioshwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Na kama kuna sigiri inayowashwa karibu na dirisha, masizi yake yana mafuta, yanashikana na vumbi kwenye mapezi, na bloa peke yake haiyatoi. Utahitaji brashi laini. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa kwa hewa ya bloa inapita kasi yake, beringi inaharibika.

Tazama pia joto la VRM, ile sakiti ya volteji ya bodi; kwenye bodi nyingi za MSI HWiNFO64 huliandika MOS. Likikaribia 100, kasi itashuka ghafla huku prosesa yenyewe ikiwa na nyuzi 80, na utabaki kujiuliza. Feni ya juu nyuma ya kasha, ikitoa hewa, ndiyo tiba ya bei nafuu.

kwa_Okello_pc

Samahani kwa kuingilia. Nina Dell OptiPlex 7060 yenye i7-8700, nilinunua Kampala ikiwa imetumika. Naweza kufuata hatua hizi hizi?

Volti_Ndogo

Hapana, ssebo. i7-8700 bila K kizidishi chake kimefungwa, na bodi yako ina chipseti ya Q370 ambayo haifungui ovakloki hata ungetia 8700K. BIOS ya Dell haina hata menyu hizo. Pawa sapulai yake nayo ni ya umbo la Dell wenyewe, huwezi kubadilisha kwa ya kawaida kirahisi.

Lakini mashine hizo za ofisi mara nyingi zinakuja zimechoka, na kuna kasi iliyolala ndani. Toa hitisinki, pesti ya miaka hiyo imekauka kama chokaa, weka mpya. Kama ina RAM moja, ongeza ya pili inayolingana ili zifanye kazi kwa njia mbili. Kwa kazi za video na picha za ndani ya prosesa utaona tofauti. Diski ya kuzunguka ibadilishe kwa NVMe, bodi ina tundu. Hizo tatu zitakupa zaidi ya ile asilimia 10 tunayoitafuta hapa kwa jasho.

biti_za_Jinja

Na sisi wa Ryzen? Nina 5600X kwenye B550, nimejaribu 4.6 kori zote, michezo imekuwa polepole kuliko kabla.

Volti_Ndogo

Kwa sababu umeifunga. 5600X yenyewe inapanda hadi 4.6 na ushei kwenye kori moja ikihitajika, ukiweka 4.6 ya lazima kwa zote umeongeza moto na hujapata kitu kwenye kazi za kori moja. Rudisha Auto, washa Precision Boost Overdrive, nenda Curve Optimizer, weka Negative 10 kwa kori zote. Hiyo inapunguza volteji, na prosesa yenyewe inatumia nafasi iliyopatikana kupanda.

Angalizo lake: Curve Optimizer ikizidi haiangushi mashine kwenye Cinebench. Inaiangusha ikiwa imetulia, umefungua kivinjari tu, kwa sababu kori moja inaporuka hadi kasi ya juu kabisa ndipo volteji inapungua mno. Jaribu kwa CoreCycler, inazungukia kori moja moja. Kori ikigoma, irudishie hiyo moja kutoka 10 hadi 5, nyingine ziache.

Mwenye Ryzen 7000 asiguse volteji ya SoC juu ya 1.30. Mwaka 2023 kulikuwa na prosesa za X3D zilizoungua kwa hilo, ndipo AMD wakaweka kikomo hicho kwenye BIOS mpya. Sasisha BIOS kwanza. Na wenye Intel ya kizazi cha 13 na 14 vivyo hivyo: sasisho la Agosti 2024 lenye maikrokodi 0x129 lilikuja kuzuia maombi ya volteji kupita 1.55 ambayo yalikuwa yanaziua prosesa hata bila ovakloki. Hao wasiovakloki kabla ya kusasisha.

gulu_studio

Nimerudia mchana na kasha limefungwa, pesti mpya, feni ya pili imeongezwa: Blender kwa 4.8, Vcore 1.23 chini ya mzigo, joto 86. Hakuna buluu. Prime95, ile programu ya kuibana prosesa, nayo niipitishe saa 24 kama wanavyosema?

Dada_Wayaringi

Kaka, saa 24 za mashine inayovuta wati 250 ni uniti 6 za Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla). Kwa nini?

Volti_Ndogo

Dada amesema kweli. Prime95 ya Small FFTs ikiwa na AVX inatoa moto ambao Blender haitaufikia kamwe. Utashusha kasi bure. Zima AVX kwenye dirisha lake la kuanzia, ipe saa moja. Ukiona mfanyakazi (worker) mmoja wa Prime95 amesimama na maandishi ya "Rounding was 0.5", kori hiyo imekosea hesabu, ongeza volti 0.010 urudie. Kisha OCCT, programu nyingine ya majaribio, nusu saa, halafu mradi wako mzito kuliko yote ukirenda usiku kucha. Asubuhi tazama HWiNFO64 chini kabisa, mstari wa Windows Hardware Errors. Lazima iwe 0. Ikiwa na hata 1 hali mashine haikuanguka, hiyo ni WHEA iliyosahihishwa njiani, nawe bado una upungufu wa volteji kama 0.010 hadi 0.015.

86 kwa kazi halisi ni sawa. Prosesa hii hujipunguza yenyewe ikifika 100, na mimi napenda kazi halisi isivuke 88 siku ya joto kali, ili kiangazi kiwe na nafasi.

Baada ya hapo ndipo urudishe XMP, ikiwa peke yake. Ukiiwasha, angalia VCCIO na VCCSA, volti za sehemu ya prosesa inayohudumia RAM: kwenye Auto bodi nyingi huzipandisha bila sababu. Kiwandani ni 0.95 na 1.05, kwa 3200 ya RAM mbili, 1.05 na 1.10 kwa kawaida zinatosha, ukikwama 1.10 na 1.15. Pitisha MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko yake minne yote, na kosa moja tu ni kosa. Buluu zikija sasa zikiwa MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, usiguse Vcore, tatizo liko kwenye RAM au hizo volti mbili. Ikikataa kabisa, shusha RAM hadi 3000. Kwa Blender hutaona tofauti yoyote.

Kisha ingia OC Profile, hifadhi mpangilio, na unakili mwingine kwenye flashi. Kama unazima swichi ya ukutani kila usiku, betri ya CR2032 ndiyo inayobeba saa ya bodi peke yake na inaisha mapema. Ipime kwa mita: chini ya volti 2.8, ibadilishe. Siku ikifa, saa ya Windows itakuwa ya mwaka mwingine, na bodi nyingi hurudi kiwandani bila kukuambia, utakuwa unarenda kwa 4.3 huku unajihesabia 4.8.